Taa ya Kushoto

Jumatatu: Amu hadi Malindi

Nilimkuta Mjomba barazani kwake Langoni kabla jua halijachomoza vizuri. Kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, mkoba miguuni. Nikamwamkia. Akaitika, akainuka na bakora yake. "Ndoo, twende. Ndia ni ndefu," akasema kwa Kiamu chake: njoo, njia ni ndefu.

Huyu ni kaka yake mama. Alizaliwa Amu, yaani Lamu, akaenda Mombasa kijana, akasimama nyuma ya kaunta ya spea katika kampuni ya kuuza magari tangu 1971 mpaka 1998. Miaka 27 akiuza pistoni na klachi, kisha akarudi kustaafu katika mji usio na magari. Watu wa mtaani humtania kwamba alichoka nayo. Amu kwa miaka mingi gari lilikuwa moja tu, Land Rover la DC, na hata hilo halikuwa na pa kwenda ila kandokando ya bahari, kwa sababu vichochoro vya ndani vilipimwa kwa punda na shehena yake. Siku hizi bodaboda zimeingia na kelele zake, lakini gari bado ni kitu cha kuvuka maji kukifuata.

Safari yenyewe ni ya Pijo. Baba alifariki mwaka jana akaniachia Peugeot 504 ya familia, ile ya viti safu tatu, aliyoinunua mpya Mombasa mwaka 1983. Mjomba alikuwa naye siku ile. Taa ya mbele ya kulia imevunjika, na nimetafuta kioo chake mwaka mzima bila kukipata. Nilipompigia simu kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Nije nilione. Halafu tushuke Mombasa, nikuonyeshe lilikotoka."

Tukavuka kwa boti hadi Mokowe, tukapanda basi. Hindi, Witu, Garsen. Lami sasa imefika, na mtu aliyezaliwa juzi hawezi kuamini kwamba njia hii wakati wa masika ilikuwa ya kulala porini na basi limezama tope, au kusubiri msafara wa askari kwa hofu ya mashifta. Mjomba hakulala hata dakika. Kila lori lililotupita alilitaja na ukoo wake. "Isuzu. Hawa walikuwa General Motors, wakaanza kuunganisha Nairobi 1977. Mwaka 2017 Mjapani akanunua hisa za Mmarekani, jina likageuka, kiwanda ni kile kile." Lingine likapita. "Mitsubishi. Watoto wa Simba Colt, wakala wao." Abiria wa mbele yetu akageuka kumtazama huyu mzee anayesoma magari kama mtu asomaye majina makaburini.

Tulivuka mto Sabaki jua likizama.

Jumanne: Malindi

Gari liko Maweni, chini ya mkwaju, limefunikwa turubai. Mjomba alikataa chai mpaka alione.

Nilipolifunua alilizunguka mara mbili bila kuligusa, polepole, kama anayeingia kwa mgonjwa asiyejua kama ameamka. Kisha akaweka kiganja juu ya boneti. 504 ina sura ambayo huwezi kuikosea: taa zake za mbele hazikuwa duara kama za gari nyingine za zama zake, zimechongwa pembe, zimeinuka kwa nje, kama macho yaliyotiwa wanja. Kazi ya Pininfarina, Mwitaliano. Huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba Waitaliano walifika Malindi na 504 kabla hawajafika na piza, nao hawanielewi.

Urembo huo ndio mkosi wangu. Taa ya duara ungebandika yoyote. Hii ya pembe, ya kushoto haikai kulia.

Mjomba akaenda nyuma, akapiga magoti kwa tabu, akafuta vumbi kwenye mlango wa buti. Pale pana kibati kidogo cha aluminiamu, kimepigwa ribiti mbili. Zamani kila wakala alibandika chake, gari litembee likitangaza aliyeliuza. Herufi zote zimefutika kwa brashi ya mwosha magari wa miaka 40. Limebaki neno la mwisho: MOMBASA.

"Malindi hapakuwa na shorumu?" nilimuuliza.

"Malindi palikuwa na pampu ya mafuta na mafundi. Ukitaka gari jipya unashuka Mombasa na pesa zako."

Alasiri tulikwenda Barani kukaa na rika lake. Baraza lilikuwa na wazee watano, na mada ya magari iliwachangamsha kuliko siasa. Mmoja aliendesha Land Rover za watalii miaka ya 1970, akipeleka Wajerumani Tsavo. Mwingine alikuwa na teksi ya Pijo 404, na kwake yeye hakuna gari lingine lililowahi kutengenezwa. Walibishana kuhusu Safari Rally kana kwamba ilikwisha jana. 404 ilishinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, mfululizo. Mzee wa Land Rover akasema Datsun. Kweli Datsun nayo ilishinda 1970, 1971 na 1973, na Shekhar Mehta akaja kuchukua minne mfululizo kuanzia 1979. "Na Joginder?" akadakia wa tatu. "Mshinde na Volvo kuukuu kama yeye 1965, halafu mje mniambie habari za Pijo."

Mjomba alikuwa akisikiliza tu, akitafuna tambuu. Mwishowe akasema jambo ambalo wao hawakulijua kwa kuwa hawakusimama nyuma ya kaunta: kwamba mashindano yale ya Pasaka ndiyo yaliyouza magari pwani nzima. Pasaka ikiisha, watu wanaingia shorumu. Mkulima wa minazi hasomi karatasi ya injini, ila amesikia redioni gari gani lilitoka kwenye tope.

Barabara mbele yetu ilikuwa imejaa tuktuk. Nyingi zimeandikwa Piaggio, na nimewahi kumwona mtalii wa Kiitaliano akiipiga picha kwa machozi ya kwao. Sikumwambia kwamba Piaggio hizi huundwa India.

Jumatano: Mombasa

Tuliondoka alfajiri kwa Probox. Hiyo nayo ni historia. Kazi iliyokuwa ya Pijo, ya kubeba watu saba na mizigo yao kwa mwendo wa roho mkononi, sasa ni ya Toyota iliyobuniwa Japani kubebea vitu vya dukani.

Kilifi tulipita darajani kwa dakika moja. Daraja lilifunguliwa 1991. Kabla yake palikuwa na feri, na siku Baba alipoleta gari jipya foleni ilikuwa ndefu hata tukalala ng'ambo ya Mnarani. Nilikuwa na miaka minne. Nakumbuka harufu ya viti na Baba akikataza watu wasiegemee rangi. Mjomba akanionyesha kwa bakora upande kilipokuwa kiwanda cha korosho. Pesa za Pijo zilitoka humo, gunia kwa gunia, kabla hakijafungwa. Tena akasimulia habari za Mtwapa ya zamani zaidi, kabla ya daraja, ambapo feri ilivutwa kwa mnyororo na wavutaji wakiimba.

Mombasa tulianzia penye sanamu za pembe za ndovu, Moi Avenue, ambayo Mjomba bado anaiita Kilindini Road. Alisimama akainua bakora kama nahodha. Kisha tukatembea.

Shorumu ya kwanza imekuwa duka la fanicha. Vioo vile vile vya kutoka sakafuni hadi darini, na nyuma yake makochi ya kahawia yamepangwa kimshazari, pua zikitazama barabara, sawasawa na yalivyopangwa magari. Kando ya mlango pana mteremko wa saruji usio na maana yoyote kwa duka la makochi. "Hapa ndipo yalipoingilia," akasema. Muuzaji alitukaribisha tukae. Mjomba akakaa kweli, akapumzika robo saa katika kochi asilolinunua.

Ya pili nje ilikuwa ofisi, nyuma karakana. Karakana sasa ni ukumbi wa ibada, viti vya plastiki 200 hivi. Mlinzi alituruhusu tuchungulie. Mashimo ya mafundi, yale ya kuingia chini ya gari, yamefunikwa mbao na zulia. Mjomba aliyahesabu kwa kukanyaga, akisikiliza mlio. Manne. Moja liko chini ya mimbari.

Ya tatu ni hadithi ya Baba, na jina lake naliacha. Hapo ndipo alipoanza siku ile ya 1983, amevaa kikoi na shati, ananuka maganda ya korosho, mkononi kikapu cha ukindu. Wauzaji wawili walimwona akiingia wakaendelea na mazungumzo yao. Alisimama karibu na gari akaligusa usukani, mmoja akamwambia asiguse. Baba hakujibu neno. Akatoka, akavuka barabara, akaingia kwa wengine, akaweka kikapu juu ya meza na kufunua majani ya mgomba. Humo mlikuwa na thamani ya gari zima. "Mimi nilikuwa nyuma yake," Mjomba alisema, "nimevaa sare ya kampuni yangu, ambayo haikuwa hiyo wala hiyo. Niliona haya kwa niaba ya mji mzima." Jumba lile sasa lina duka la simu na mkahawa wa kuku.

Mchana tulikula pilau Mwembe Tayari, na hapo akanipa habari za kampuni zenyewe, kubwa zile, zilizokuwa na makao Nairobi na mikono yao huku. Nilikuwa nikiandika kwenye kitambaa cha karatasi. Cooper Motor, iliyoanza 1948, watu wa Land Rover na Volkswagen, ikaitwa CMC. Ikagombana yenyewe kwa yenyewe bodini, hisa zake zikasimamishwa soko la Nairobi 2011, Land Rover wakaondoka, na 2014 Al-Futtaim wa Dubai akainunua kwa shilingi bilioni 7.5. Januari 2025 ikatangazwa kwamba inafunga kabisa Afrika Mashariki. D.T. Dobie, wa Mercedes na Datsun, alianza 1949. Leo Dobie na Toyota Kenya wako chini ya paa moja la CFAO, majina ya zamani yamezikwa. Marshalls ndio waliokuwa na Peugeot nchini. Nao walififia, Peugeot ikahamia kwa Urysia. Hughes, wa Ford, vijana hawamjui hata kwa jina.

"Nani aliwaua?" niliuliza.

Akacheka. "Hiyo uliyokuja nayo leo."

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ililegeza kamba za kuagiza bidhaa nje, na meli zikaanza kushusha Kilindini magari yaliyotumika Japani. Mjapani huendesha upande wetu wa barabara, usukani kulia kama sisi. Sheria ya kwao ya ukaguzi hulifanya gari la miaka kadhaa kuwa ghali kulitunza, kwa hiyo huliuza mapema, likiwa bado lina harufu ya viwandani. Likifika hapa lina kipoza hewa na redio ya kaseti, kwa bei ambayo shorumu isingekuuzia hata nusu ya gari jipya. Mawakala wakabaki na serikali, mashirika na wanunuzi wa malori. Shorumu za pwani zikafungwa moja baada ya moja.

Nisiwe mnafiki: mimi naendesha Vitz. Mwalimu wa msingi hangeota gari katika enzi ya Mjomba. Enzi ile ilikuwa ya watu wachache na walijua kwamba ni wachache, kama Baba alivyoonjeshwa. Kilichomsumbua Mjomba hakikuwa fahari ya vioo. Kilikuwa vitabu.

Alinieleza kazi yake kwa kutumia chumvi, pilipili na kijiko. Mteja anakuja na kipande kilichovunjika. Wewe humuulizi jina la kipande, maana kila fundi ana lake. Unasoma namba ya chasisi, unafungua katalogi, baadaye maikrofishi, ile filamu ndogo inayowekwa kwenye mashine ya mwanga, unapata namba ya spea. Kisha kadi ya stoo: rafu gani, vimebaki vingapi, cha mwisho kilikwenda kwa nani. Kama hakuna, teleksi inakwenda Ulaya na meli inakuja. Ila si kila kitu kilitoka Ulaya. Gari lenyewe liliunganishwa Miritini kutoka masandukuni, na serikali ililazimisha sehemu fulani zinunuliwe hapa nchini: vioo, betri, rangi. Matairi yalikuwa ya Firestone ya Nairobi, kampuni iliyoanza 1969 na kuzima mitambo 2016. Kwa hiyo kitabu cha Ufaransa peke yake hakikutosha. Kulikuwa na daftari la pili, la mkono, lenye yale yaliyobadilishwa huku.

"Lilikwenda wapi hilo daftari?"

"Siku ya kufunga stoo walipima kila kitu kwa kilo. Chuma kilikwenda na chuma, karatasi ikaenda na karatasi. Nadhani zilifungiwa njugu."

Jumba lake mwenyewe tulilifika mwisho. Halipo. Pana ghorofa inayopanda, bado ina nguzo za miti, na lango la chuma la zamani limeachwa kwa muda. Mlinzi akauliza, "Mzee, watafuta nani?"

"Kaunta," Mjomba akasema.

Mlinzi akatazama daftari lake la wageni, akamjibu kwa adabu kwamba hakuna mtu wa jina hilo.

Alhamisi: Mombasa na kurudi

Siku ya maduka ya spea. Kumi na moja, kwa hesabu yangu. Kijana wa kwanza alimsalimia Mjomba "shikamoo" na mimi hakuniona, ingawa mwenye gari ni mimi. Akaomba namba ya chasisi, akaiingiza kwenye simu, simu ikamletea picha za pikipiki. "Pijo? Hiyo ni ya makumbusho, mzee wangu." Kwa Toyota angeipata kwa sekunde nne, na kwa hilo namsifu. Gari likishapita miaka minane halitakiwi kuingia nchini, kwa hiyo hakuna 504 iliyotumika itakayokuja kutuletea spea mgongoni mwake. Zilizopo ni zile 27,000 hivi zilizounganishwa hapa, nazo zinakulana zenyewe.

Tulipita Miritini kuona kiwanda cha AVA kwa nje tu. Bado kinafanya kazi, kiko mikononi mwa Simba, kinaunganisha malori na mabasi. Mjomba aliridhika kuona moshi wa mtu anayechomea vyuma.

Duka la kumi na moja si duka, ni kontena lenye mzee ndani. Mjomba alipoingia wakatazamana kwa muda. Walikuwa wamejuana kwa sauti: miaka ya 1980, kampuni mbili tofauti, wakipigiana simu kuazimana spea mabosi wao wasijue. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Mjomba akataja namba ya taa ile, tarakimu moja moja, bila karatasi. Mzee wa kontena akaimalizia mbili za mwisho. Sijui kama hiyo ndiyo iliyokuwa namba sahihi, lakini wote wawili walikuwa na hakika.

Akaingia ndani, akatoka na sanduku lililoliwa na mende. Taa nzima, mpya, kioo kimekaa kwenye chombo chake.

Ya kushoto.

Nilikuwa tayari nimegeuka kuondoka. Mjomba akatoa shilingi 1,500 zake mwenyewe, akalipa, akaikumbatia kifuani mpaka Malindi. Ya kulia, mzee wa kontena alisema, ataisikilizia.

Jumamosi: Mokowe

Ijumaa tulisali Malindi na Mjomba akalala. Leo nimemrudisha. Pijo nimelifunika tena. Fundi wa Kisumu Ndogo anasema anaweza kuchonga taa ya kulia kwa plastiki, nami nimemwambia asubiri.

Kwenye boti palikuwa na wanawake wawili na mbuzi, vijana wa chuo, na bwana mmoja wa Shela aliyemwona Mjomba amepakata taa ya gari kama mtoto mchanga, ameifunika kwa kilemba chake isirukiwe na maji ya chumvi.

"Ami," yule bwana akashindwa kuvumilia, "Amu hakuna gari. Taa hiyo wampelekea nani?"

"Punda wangu," Mjomba akasema. "Jito lake la kushoto halioni usiku."